Sauti za Lubumbashi zisifutwe mara ya pili

Mheshimiwa Mhariri,

Ninaandika kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, nilikofundisha shule ya msingi kwa miaka 34, kuhusu jambo nililolibeba moyoni muda mrefu na ambalo ukurasa wenu wa utamaduni wa mwezi uliopita umenilazimisha kulisema. Ukurasa huo ndio ninaouanza kila ninaponunua gazeti, kabla hata ya habari za siasa na za bei ya shaba. Safari hii ulijaa wanamuziki wa Kinshasa na wa ng'ambo: nani ametoa albamu, nani amekosana na nani, nani anangojewa Paris. Mji wetu, wenye komini saba, yaani wilaya za mji, na wasanii katika kila moja, ulipewa mistari minne kuhusu tamasha lililoahirishwa. Simlaumu mwandishi wa ukurasa, kwa kuwa habari za Kinshasa humfikia zikiwa zimekwisha kuandikwa, zina picha na majina, hali habari za komini zetu za Kenya, Ruashi na Kamalondo hana budi kuzifuata mwenyewe kwa miguu. Lakini gazeti la Lubumbashi likiacha kuzifuata, sioni ni nani mwingine atakayezifuata, na yaliyoipata familia yangu yamenifundisha hasara yake ni kubwa kiasi gani.

Kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mwigizaji. Mchana alikuwa karani wa bohari. Jioni na siku za Jumapili alikuwa na wenzake katika kikundi kilichotunga michezo mifupi kwa Kiswahili cha hapa na kuicheza redioni. Kwa kawaida yeye alipewa nafasi ya baba mwenye nyumba, yule anayepokea mshahara mwisho wa mwezi na kukuta mlangoni wadai, mashemeji na wajomba ambao wamekwisha kuzihesabu fedha hizo kabla yake. Hapakuwa na karatasi yenye maneno. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha wakaingia studioni na kuzungumza kama watu wanavyozungumza uani. Saa ya kurushwa mchezo ungeweza kutembea Katuba kutoka barabara moja hadi nyingine bila kukosa sentensi hata moja, kwa sababu kila dirisha lilikuwa limefungulia kituo kilekile. Aliifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 12, na kwa hesabu yake mwenyewe alicheza katika michezo zaidi ya 200.

Alipofariki, mimi na shemeji yangu tulikwenda kwenye kituo kilichokuwa kikirusha michezo hiyo kuomba nakala ya mmoja tu, tuupige kwenye kilio, kama tunavyoita matanga hapa kwetu. Tulipokewa kwa heshima. Fundi mmoja mzee, aliyemkumbuka kaka yangu kwa jina na kwa sauti, alitupeleka chumba cha nyuma akatuonyesha rafu. Kanda zilikuwapo, tena nyingi, lakini juu ya kila kasha jina la zamani lilikuwa limekatwa kwa kalamu na jingine kuandikwa pembeni yake, kisha hilo nalo likakatwa: hotuba, mahubiri, matangazo ya vifo, mpira. Alitueleza kwamba kanda mpya zilikuwa ghali na mara nyingi hazikufika, hivyo mchezo uliokwisha kurushwa ulifutwa ili kupata nafasi ya kipindi cha wiki inayofuata. Haukubaki hata mmoja. Alisema hayo akitazama chini, nami nilimwonea huruma, kwa maana kazi aliyokuwa ameifanya kwa mikono yake ilikuwa imefutwa pamoja na ya kaka yangu.

Usiku wa pili wa kilio, watu wakiwa wameketi kuzunguka moto, mama mmoja muuza makaa alianza kusema maneno ya yule mke wa mchezoni. Mzee mmoja akamjibu kwa maneno ya kaka yangu, pamoja na kile kikohozi chake alichokitoa kila alipotaka kukwepa swali. Mwingine akaingia kama mdai. Wakabishana: huyu alisema mdai aliingia kwa mlango wa nyuma, yule akaapa kwamba alikuwa amejificha tangu asubuhi chini ya mwembe. Waliokuwa watoto wadogo wakati michezo hiyo ikirushwa walijua sehemu ambazo wazazi wao walikuwa wamezisahau. Mpaka alfajiri tulikuwa tumesikia michezo mitatu au minne, vipande vipande, kutoka katika vinywa vya watu zaidi ya 30, kila mmoja akiwa ametunza kipande chake pasipo kuagizwa na mtu. Sikufikiri wakati ule kuchukua hata daftari. Wengi wa watu wale nao wamekwisha kufa.

Mheshimiwa Mhariri, ninayasimulia haya kwa sababu hayakumpata kaka yangu peke yake. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mji ukaanzishwa, na mwaka uliofuata tanuri la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Wabelgiji, likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Waliokuja kufanya kazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Maniema, Rwanda na Burundi, na vijiji vya Katanga yenyewe, na Kiswahili kikawa lugha ambayo kwayo mtu wa kutoka kokote angeweza kuomba maji na kupatana bei. Magazeti yalianza mapema, lakini yalikuwa ya Kifaransa, ya Wazungu, na yaliandika mambo ya Wazungu. Mwaka 1934 lilitokea gazeti la Ngonga, lililowalenga wasomaji Waafrika chini ya mhariri Mbelgiji, nalo halikudumu. Mwaka 1957 kampuni ya madini ilianza kuchapisha Mwana Shaba, jarida la wafanyakazi wake. Baba yangu, aliyefanya kazi tanurini, alilileta nyumbani kila lilipotoka, nasi watoto tuligombea kurasa zenye picha za mpira. Lakini jarida la kampuni husema lile ambalo kampuni inataka mfanyakazi alijue.

Kwa hiyo mtu wa siti, yaani mtu wa vitongoji walivyopangiwa Waafrika, hakuwa na gazeti lake. Aliyetaka kujua mji unawaza nini alisikiliza gitaa, alitazama picha iliyotundikwa ukutani, alikwenda kuona mchezo. Siku hizi mambo hayo tunayaita utamaduni wa watu, na tunayaweka katika ukurasa wa burudani, baada ya matangazo. Katika mji huu yalifanya kazi ya habari na ya maoni, na mara nyingine yalitunza ushahidi wa kesi ambayo haikufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Utazame mgomo wa mwaka 1941. Wafanyakazi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara wakati wa vita. Wakakusanyika katika uwanja wa mpira, na mwezi Desemba askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mimi niliyezaliwa miaka mingi baadaye sikuusoma mgomo huo katika kitabu chochote cha shule nilichosomea, wala katika kitabu nilichopewa cha kufundishia. Niliusikia kwa baba yangu, naye aliusikia kwa waliookoka, na watu wengi wa rika langu waliuona kwa macho kwa mara ya kwanza katika picha ya mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 hapa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuwauzia watu wa mishahara midogo waliotaka kitu cha kutundika sebuleni, kama walivyofanya wachoraji wengine wengi wa siti wakati ule. Picha hizo zilikuwa na mafungu yake, ambayo wanunuzi na wachoraji waliyajua bila kuelezwa: kulikuwa na mambo ya zamani, kulikuwa na mambo ya sasa, na neno lililozikusanya nyingi kati yake lilikuwa ukumbusho. Nyumbani kwetu zilikuwapo mbili, ingawa sijui zilichorwa na nani. Moja ilionyesha mfungwa akichapwa fimbo mbele ya bendera ya Wabelgiji. Nyingine ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambayo mama yangu hakuipenda hata kidogo. Mgeni akiketi chini ya ile ya kwanza, hakuna aliyemwuliza kitu. Alianza mwenyewe kusimulia baba yake alichapwa wapi, kwa kosa gani, na nani aliyeshika fimbo. Nimeisoma historia ya ukoloni katika vitabu vingi tangu wakati huo, na bado ninaamini kwamba niliijua kwanza chini ya picha ile.

Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alichora mfululizo wa picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi nzima, na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya utafiti hapa, akazinunua na kumrekodi mchoraji akizieleza moja moja kwa Kiswahili. Hivi leo picha hizo zimo katika Wereldmuseum, iliyoitwa zamani Tropenmuseum, mjini Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, wala habari za mwisho wake hazikujulikana.

Jean-Bosco Mwenda naye ana kisa kinachofanana na hicho. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimkuta akipiga gitaa huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akamrekodi, na upigaji ule wa vidole viwili ukafika Afrika Mashariki na mbali zaidi. Kanda za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Mwenda aliishi miaka 38 baada ya kurekodiwa, mpaka ajali ya gari ya mwaka 1990. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, watu walioitwa maboyi hata walipokuwa na wajukuu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu. Ilichapishwa kama kitabu ng'ambo mwaka 1990, kwa kazi ya Fabian huyohuyo akishirikiana na Kalundi Mango. Na mwigizaji Mufwankolo pamoja na kikundi chake, ambao kwa miaka mingi walituonyesha sisi wenyewe redioni na kwenye televisheni, wameandikiwa kitabu kizima kuhusu mchezo waliouandaa mwaka 1986 juu ya mamlaka yanayoliwa mazima bila kugawanywa. Kitabu hicho ni cha Kiingereza.

Sina kinyongo na watafiti hao. Ninawashukuru, na ninawashukuru zaidi kwa sababu maandiko mengi ya Kiswahili waliyoyakusanya wameyaweka wazi ili yeyote ayasome. Walichotuzidi si mapenzi, kwa kuwa hakuna aliyempenda Mufwankolo kuliko mama zetu. Walibonyeza kitufe cha kurekodi, wakaandika jina la mtu, mahali na tarehe, kisha wakaweka kanda mahali pakavu. Fundi yule mzee aliyetuonyesha rafu angeweza kuyafanya yote hayo, tena vizuri kuliko mgeni, kama angepewa kanda ya ziada na kabati lenye ufunguo.

Najua mtanijibu kwamba miaka yetu haikuwa ya kuwazia makabati, na ni kweli. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, iliyokuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Mshahara ulipokatika, picha za ukumbusho zilikosa mnunuzi, na wachoraji wakageukia vibao vya maduka na vya saluni. Mwaka 1991 kulikuwa na uporaji. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakakaa stesheni wiki nyingi wakingoja treni, na wengi walikufa humo njiani. Juu ya jambo hili sina budi kukaa kidogo, kwa sababu lina uhusiano na kalamu na kipaza sauti. Kabla ya watu kufukuzwa walitukanwa hadharani, waliitwa bilulu, yaani wadudu, na neno hilo lilirudiwa mpaka likazoeleka masikioni. Miongoni mwa waliopanda treni zile walikuwamo wapiga gitaa, wachoraji, waigizaji na wanafunzi wangu kumi na mmoja. Mji uliokuwa umeigiza ugomvi wa majirani kwa miaka 30 ili watu waucheke na kuumaliza, uliuacha ugomvi huo utoke jukwaani uingie barabarani. Sidai kwamba mchezo wa redio ungeuzuia. Ninasema tu kwamba wakati ule hapakuwa na kanda ya kumkumbusha mtu jinsi tulivyokuwa tukizungumza hapo awali.

Baadaye palikuwa na watu waliojaribu kuyarudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliwaendea wakazi nyumbani kwao, wakakusanya simulizi, picha na vyombo vya kawaida, masufuria, redio, baiskeli, na kuvionyesha kwa umma. Tangu mwaka 2008 chama cha Picha, kilichoanzishwa na wasanii vijana wa hapa, akiwamo mpiga picha Sammy Baloji, kimekuwa kikiandaa maonyesho ambayo sasa yanajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Ni kazi njema na ninaiheshimu. Lakini maonyesho hudumu siku chache na huwafikia wenye nauli ya kufika mjini, wakati redio humfuata mama sokoni na gazeti hupita mikono sita kabla ya kufungiwa karanga.

Ndiyo maana naona kwamba mzigo huu unawahusu zaidi ninyi wa gazeti na wenzenu wa vituo. Tangu mwaka 1990, vyama vingi na vyombo binafsi viliporuhusiwa, vituo vya redio na televisheni vimeongezeka hapa mpaka sindano ya redio haina mahali pa kupumzika. Vingi huishi kwa kuuza dakika: anayelipa ndiye anayesikika. Mhubiri hulipa, mwanasiasa hulipa, mwanamuziki mwenye mfadhili hulipa. Kikundi cha karindula cha komini ya Kenya, chenye gitaa la ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya pipa na nyimbo zinazotaja bei ya unga wa wiki hii hii, hakina cha kulipa, hivyo husikika kwenye vilio na kwenye baa, kisha sauti hupotea hewani. Ninaelewa kwamba kituo kinahitaji mafuta ya jenereta. Lakini kituo kisichorusha mji wake kinaweza kuhamishiwa mji mwingine wowote usiku mmoja, na asubuhi msikilizaji asitambue.

Vijana wetu wamepata njia yao. Mjukuu wangu na wenzake watatu hutengeneza michezo ya dakika mbili kwa simu, katika ua wetu, kwa kutumia kanga yangu ya zamani kama pazia. Nilipoutazama mmoja wao nilishtuka kuona yumo baba anayekuta mashemeji mlangoni siku ya mshahara, ingawa mshahara siku hizi huingia kwa simu na mashemeji huandika ujumbe. Hajawahi kumsikia babu yake mkubwa akiigiza, kwa sababu hakuna cha kusikia. Mwaka jana simu yake iliibwa ndani ya taksi-basi, na michezo kumi na saba ikaenda nayo. Ile iliyokuwa imekwisha kusambazwa ipo bado, imekatwakatwa, bila majina ya waigizaji, na mwingine ameiwekea jina lake. Kwa babu yake mkubwa ilikuwa kanda iliyofutwa. Kwa huyu ni simu iliyoibwa. Na katikati ya hao wawili imepita nusu karne ambamo tungeweza kujifunza.

Kuna jambo la lugha pia, nami kama mwalimu wa Kiswahili sina budi kulikiri. Barua hii ninaiandika kwa Kiswahili cha darasani, kwa sababu ndicho kinachomfikia msomaji wa Goma, wa Bukavu na wa Dar es Salaam bila kumchosha, na nimekifundisha maisha yangu yote. Kaka yangu hakuigiza hivyo. Alisema batu na bintu (watu na vitu), alisema njo vile (ndivyo hivyo), alichanganya Kifaransa cha karani na Kibemba cha bibi yetu katika pumzi moja, na kila mtu alijua kutokana na mchanganyiko huo kwamba mtu yule ni wa Katuba, ana kazi ya ofisini na amelelewa na mwanamke aliyetoka upande wa mpakani. Nimeona katika gazeti lenu maneno ya mzee mmoja wa Kamalondo, niliyemfahamu vizuri, yakiwa yamesahihishwa yote mpaka anazungumza kama mtangazaji. Mhariri anayegeuza bintu kuwa vitu katika maneno ya mtu aliyenukuliwa anafuta kanda. Habari zenu ziandikeni kwa Kiswahili fasaha, hilo ninalitaka sana; lakini wimbo, kichekesho, simulizi na maneno ya shahidi yaacheni yalivyotoka kinywani, na kama neno ni gumu kwa msomaji wa mbali, lielezeni kando yake.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza naomba nusu ya ukurasa wa utamaduni, kila toleo, ipewe kazi moja ya mji huu: wimbo wa karindula, mchezo wa simu, kibao cha duka, picha ya ukutani, ikiwa na jina la aliyeifanya, mtaa, tarehe, na maneno yake mwenyewe. Mwandishi apewe nauli ya kufika Ruashi. Pili naomba ninyi mnaofahamiana na wakuu wa vituo mwaketishe mezani pamoja na watu wa maktaba ya chuo kikuu, wakubaliane kwamba kila kipindi cha maigizo, cha muziki wa hapa na cha mahojiano na wazee kiwe na nakala inayowekwa nje ya kituo. Wakati wa kaka yangu hilo lingehitaji chumba kizima. Siku hizi vipindi vya miaka kadhaa hukaa katika kifaa kinachoingia mfuko wa shati. Makubaliano hayo yawe na kifungu cha kumlinda msanii, kwamba nakala haitauzwa wala kurushwa kwa malipo bila idhini yake au ya watoto wake, kwa maana nimewaona wajane wa wanamuziki wakisikia nyimbo za waume zao katika matangazo ya biashara huku hawana ada ya shule.

Na tatu, lililo la haraka kuliko yote, tangazeni katika gazeti kwamba mnazitafuta kanda za nyumbani. Nina hakika zipo. Watu walikuwa na redio zenye sehemu ya kurekodi, na wengi walirekodi kipindi walichokipenda ili kukisikiliza tena Jumapili. Kanda hizo zimo katika masanduku chini ya vitanda vya Katuba, Kenya na Kampemba, na joto na panya vinazimaliza kila mwaka. Wenye kuzitunza wana miaka 70 na zaidi, na watoto wao hawana mashine ya kuzipigia. Siku ya kugawana vyombo vya marehemu huzitupa pamoja na betri mbovu.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuanza. Mwezi wa tatu, shemeji yangu alipokuwa akihama nyumba, tulikuta ndani ya ndoo ya zamani ya maziwa ya unga kaseti 14, zimefungwa kwa kitambaa cha kanga na fundo mbili. Alizirekodi yeye, kutoka redioni, katika miaka ambayo mumewe alikuwa studioni, na baada ya kilio hakuwa na nguvu ya kuzitafuta tena. Juu ya tisa kati yake ameandika tarehe kwa mkono wake. Sijathubutu kuzipiga katika mashine yangu, kwa kuwa mwaka uliopita ilitafuna kaseti ya kwaya na kuikata. Mkimpata fundi anayejua kuzinakili bila kuziumiza, nitazileta mwenyewe mpaka ofisini kwenu, na shemeji yangu atakuja pamoja nami, kwa sababu amesema hazitatoka nyumbani bila yeye. Tunaomba mtuambie siku.

Wenu katika kusoma,

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi